Pwani ya Mjini Haina Mutawalli

Jioni moja maji yakiwa yamejaa, anza matembezi yako Shangani, Mji Mkongwe wa Zanzibar, na uifuate bahari kuelekea kaskazini. Mwanzo utaipata kwa vipande tu, kwenye vichochoro baina ya ukuta wa hoteli hii na ukuta wa hoteli ile. Utapita chini ya lile jengo lililokaa juu ya barabara, utokeze Forodhani, na hapo mji unafunguka wote kwa mara moja: moshi wa mishikaki, mlio wa mashine za miwa, vijana wa makachu wanaotoka mbio bustanini na kujirusha baharini kichwa chini miguu juu, huku watalii wakihangaika na simu zao. Endelea. Kulia kwako Ngome Kongwe, halafu Beit el-Ajaib iliyoporomoka sehemu yake siku ya Krismasi ya 2020, halafu Kasri, Forodha ya zamani, Mtini, na Dispensari ya zamani na roshani zake za mbao. Halafu geti la bandari. Bahari yenyewe inakwenda zake hadi Funguni, Maruhubi na Mtoni, lakini wewe mtembea kwa miguu unageuka.

Geti hilo halitakaa pale milele. Serikali imekwisha kusema kwamba mizigo na makontena yatahamia Mangapwani, kaskazini ya mji, na Malindi ibaki kwa abiria na meli za kitalii. Lini hasa, tusibishane. Miradi ya bandari ina kalenda yake. Lakini siku malori ya makontena yatakapoacha kujipenyeza kwenye barabara zetu nyembamba, mji utakuwa na kitu ambacho haujakuwa nacho tangu gati la Malindi lijengwe miaka ya 1920: kipande kikubwa cha pwani, katikati ya mji, kinachongoja kuamuliwa upya.

Barazani mjadala umeshaanza. Mmoja anataka hoteli ya ghorofa, mwengine anataka maegesho ya boti za matajiri, mwengine anataka Forodhani ya pili kubwa kuliko ya kwanza. Kila mtu ana lake la kujengwa. Sijamsikia aliyeuliza kipande hicho kitakuwa cha nani, kwa maandishi gani, na nani ataweza kwenda mahakamani siku maandishi hayo yakikiukwa. Kwangu mimi swali ni hilo, na ili nilieleze itabidi niende mbali, kwenye mji usio na hata tone la maji ya chumvi.

Chicago umekaa kwenye Ziwa Michigan, ziwa ambalo ukisimama kandoni mwake huoni ng'ambo, na ambalo wakati wa baridi kingo zake huganda barafu. Mji huo una takriban maili 29 za kando ya ziwa, na karibu maili 26 kati ya hizo leo ni bustani na fukwe za umma. Mtu anaweza kupanda baskeli au kukimbia kando ya maji kwa takriban kilomita 30 bila ya kukutana na geti. Wageni wakiuliza imekuwaje, huoneshwa mpango maarufu wa mwaka 1909 uliochorwa na Daniel Burnham na Edward Bennett, ambao ulitamka kuwa kando ya ziwa ni haki ya wananchi. Ni mpango mzuri, michoro yake ya kupendeza. Ila kilichoiokoa pwani ile kilitangulia michoro hiyo kwa miaka 73, na hakikuwa na uzuri wowote.

Mwaka 1836 makamishna waliopewa kazi ya kuchimba mfereji walikuwa wanauza viwanja ili kupata fedha za kuchimbia. Kwenye ramani ya mauzo, katika ukanda uliokabili ziwa, waliandika kwamba hii ni ardhi ya umma, ibaki wazi daima, isiwe na jengo wala kizuizi chochote. Usidhani walikuwa watu wa huruma. Walikuwa madalali. Kiwanja kinachotazama maji, chenye ahadi kwamba hakuna atakayekuja kukiziba, kinauzika kwa bei nzuri zaidi kuliko kisicho na ahadi. Maneno yale yaliandikwa kwa tamaa, kisha yakaja kuwa na nguvu ambayo walioyaandika hawakuiwazia.

Majaribio hayakukawia. Mawimbi yalikuwa yanaila kingo ya mji na mji haukuwa na fedha za kujenga ukuta. Mwaka 1852 ikaja kampuni ya reli ya Illinois Central na rai yake: sisi tutajenga ukuta wa kuvunja mawimbi, nyinyi mtupe njia ya kupitisha treni kando ya ziwa. Mji ukakubali, na treni zikapita juu ya nguzo zilizosimikwa majini, baina ya watu na ziwa lao. (Mwenye kuufahamu ukuta wetu wa Mizingani, ulivyokuwa ukitoboka na kumezwa kabla ya kujengwa upya kwa mkopo wa Benki ya Dunia, anajua jinsi mji usio na fedha za ukuta unavyoweza kukubali karibu lolote.) Mwaka 1869 wabunge wa jimbo wakaenda mbali zaidi: wakaipa kampuni ile ile zaidi ya ekari elfu moja za ardhi iliyo chini ya maji ya ziwa. Miaka minne baadaye wakajuta, wakaifuta sheria hiyo. Kampuni ikasema zawadi ikishatolewa hairudi.

Kesi ilifika Mahakama ya Juu ya Marekani, na hukumu ya mwaka 1892 ikaishinda kampuni. Sababu waliyoitoa majaji inafaa kusomwa na kila mtu wa visiwani. Walisema ardhi iliyo chini ya maji yale jimbo halikuwa nayo kama mtu anavyokuwa na shamba lake. Limeishika kwa amana, kwa ajili ya watu wasafiri juu ya maji hayo, wafanye biashara, wavue. Na mwenye kushika amana hawezi kuigawa jumla jumla kwa kampuni, kama vile serikali isivyoweza kugawa mamlaka yake ya kulinda usalama.

Kisha kuna mtu mmoja mkaidi. Aaron Montgomery Ward alikuwa tajiri wa kuuza bidhaa kwa katalogi na posta, na ofisi zake zilitazama ule ukanda wa 1836, ambao wakati huo ulikuwa umepanuka, kwa sababu vifusi vya moto mkubwa wa 1871 vilimwagwa ziwani. Mwaka 1890 hakupendezwa na alichokiona dirishani: mabanda, takataka, mabehewa. Akaenda mahakamani na ramani ya zamani mkononi. Aliendelea kwenda kwa miaka ishirini na akashinda mara nne mbele ya mahakama ya juu ya jimbo, mpaka mwaka 1911. Katika kesi moja alizuia jumba la makumbusho lisijengwe katikati ya bustani, na aliyetaka lijengwe pale ni Burnham mwenyewe, yule yule wa mpango uliosema kando ya ziwa ni haki ya wananchi. Magazeti yalimshambulia Ward kama adui wa maendeleo. Makumbusho yakaishia kusini ya bustani, kwenye ardhi iliyofukiwa, na ile bustani, Grant Park, ipo mpaka leo.

Nimelirefusha hili kwa makusudi. Tunapoletewa picha za pwani za miji ya watu, huwa tunaoneshwa chemchemi za taa, njia za baskeli na viti vya chuma. Hivyo vinanunulika. Kisichonunulika ni ule mstari ulioandikwa juu ya kipande kinachojulikana, kisha pawepo mtu wa kawaida (au tajiri mkaidi, haidhuru) mwenye haki ya kuudai mbele ya jaji hata pale anayetaka kuuvunja ni mji wenyewe. Bila ya Ward sentensi ya 1836 ingebaki maneno tu kwenye karatasi, na Ward naye bila ya karatasi hiyo angekuwa mlalamikaji mwengine wa barazani.

Sasa turudi Unguja, ambako mambo yako kinyume kwa namna ya ajabu. Chicago ardhi ni ya watu binafsi mpaka iandikwe vyengine; kwa hiyo walilazimika kuandika. Kwetu, baada ya Mapinduzi ya 1964 ardhi ilitaifishwa, na Sheria ya Umiliki wa Ardhi ya 1992 inasema wazi kwamba ardhi yote ni mali ya umma, iliyo chini ya dhamana ya Rais. Ukiichukua kwa neno lake, ile sentensi ya Chicago imeandikwa juu ya kila shubiri ya Unguja na Pemba. Kwa nini basi pwani ya mjini tunaiona kwenye vichochoro?

Kwa sababu kitu kikiwa cha umma chote, kwa jumla, bila ya mpaka wala jina, umma huwa na saini moja tu. Anayesaini ndiye umma. Anasaini mkataba wa kukodisha kwa miongo kadhaa, na sheria haijavunjwa, maana ardhi haijauzwa. Imekodishwa, na mjukuu wako ataweza kuiulizia. Sisemi wanaosaini wana nia mbaya. Wengi wana nia njema, wana bajeti ya kutafuta na vijana wa kuwapatia kazi. Lakini hawana juu yao andiko mahsusi linalowaambia kwamba kipande hiki, kuanzia bikoni hii (jiwe la mpaka) mpaka bikoni ile, nyinyi pia hamkiwezi.

Mambo Msiige ni mfano ulio wazi kwa kila mtu. Jumba la kihistoria pale Shangani lilikodishwa, likaongezwa jengo jipya ubavuni, na hoteli ikafunguliwa mwaka 2015. Kamati ya Urithi wa Dunia ya UNESCO, ambayo imeuorodhesha Mji Mkongwe tangu mwaka 2000, ilihoji ukubwa wa jengo na kupotea kwa eneo la wazi lililokuwa upande wa bahari. Sina nia ya kuifufua kesi hiyo. Hoteli ipo, ina wafanyakazi, na jengo la zamani lilikuwa linaoza. Ninachokiangalia ni njia ambayo malalamiko yalipita. Mtu wa Shangani aliyezoea kukaa pale kupunga upepo hakuwa na bikoni ya kuoneshea wala mlango wa mahakama wa kugonga. Swali lake likaulizwa na kamati ya kimataifa inayokutana mara moja kwa mwaka, kwa lugha asiyoijua.

Kinachoniudhi ni kwamba wazo walilolifikia majaji wa Marekani mwaka 1892 sisi tulikuwa nalo siku zote. Wao walisema amana. Wazee wetu walisema wakfu. Mtu wa Unguja hahitaji kwenda skuli ya sheria ili aelewe mali ya wakfu: haiuzwi, haitolewi zawadi, hairithiwi. Aliyeweka wakfu kisima hawezi kesho kukirudia akakitia kufuli, hata kama kisima alikichimba kwa fedha zake. Na kila wakfu una mutawalli, msimamizi, ambaye si mwenye mali. Ni mtu anayeweza kuulizwa hesabu. Mji Mkongwe umejaa nyumba za wakfu, na tuna Kamisheni ya Wakf na Mali ya Amana kwa ajili hiyo. Neno amana limo ndani ya jina la taasisi yetu wenyewe, halafu tunakwenda kutafuta mfano ughaibuni! Na mimi ndiye wa kwanza, kama mnavyoona.

Simwombi Mufti atoe fatwa kwamba bandari ni wakfu. Ninachosema ni kwamba Baraza la Wawakilishi linaweza kutunga sheria fupi, kurasa chache tu, inayoutaja ukanda kwa mipaka yake, kuanzia Forodhani hadi mwisho wa Malindi, na kuufunga kwa masharti ya wakfu: haukodishwi, haubadilishwi matumizi, haujengwi ghorofa, na mkaazi yeyote wa Zanzibar ana haki ya kushitaki ukiguswa, bila ya kutakiwa kwanza athibitishe kwamba yeye binafsi amepata hasara. Kifungu hicho cha mwisho ndicho chenye uzito. Ward alisikilizwa kwa sababu alikuwa na jengo linalotazama uwanja. Kwetu tusimpe haki hiyo mwenye jengo peke yake.

Na sheria hiyo ije kabla ya mchoro. Mchoro ukitangulia, mstari utachorwa kuufuata mradi.

Lakini wakfu huo huo unatutahadharisha. Nyumba nyingi za wakfu mjini zimeanguka au zimebaki magofu, si kwa sababu ziliuzwa. Kodi zake zilikuwa ndogo mno, hazikutosha kununua chokaa wala boriti. Mali isiyouzika na isiyo na kipato hufa polepole. Hapa Chicago inatufunza kwa makosa yake zaidi kuliko kwa mafanikio. Bustani yao ya Millennium Park, iliyojengwa juu ya njia za reli na maegesho ya magari, iliahidiwa kwa mwaka 2000 na kwa dola milioni 150. Ilifunguliwa 2004, na gharama ikafika karibu dola milioni 475. Kisha mwaka 2006 mji ukayakodisha maegesho yaliyo chini ya bustani kwa miaka 99, kwa dola milioni 563 taslimu. Juu panabaki kwa umma. Ukichimba chini, umma haumo kwa karne nzima. Fedha zililipwa mara moja, vitukuu watalipia kuegesha.

Forodhani yetu ilitengenezwa upya na taasisi ya Aga Khan ikafunguliwa tena mwaka 2009, na anayekumbuka vumbi na giza la miaka ya nyuma hatakataa kwamba kazi ilikuwa nzuri. Ukuta wa Mizingani nao umejengwa imara. Lakini vyote viwili vilitoka mifukoni mwa wengine, na mfadhili hutoa fedha za kujengea, hatoi za kufagilia. Taa ikiungua mwaka wa kumi hakuna mgeni atakayepanda ndege kuja kuibadilisha. Kwa hiyo sheria ninayoiomba iwe na mfuko wake: ushuru wa wauza vyakula, ada za boti zinazokwenda kisiwa cha Changuu, na sehemu ya kile kitakacholipwa na meli za kitalii zitakazofunga Malindi, vibaki pale pale pwani, na hesabu ibandikwe ukutani ambapo kila mpita njia ataisoma. Watalii walioingia mwaka 2024 ni zaidi ya laki saba, na wengi wao walipita Forodhani. Fedha zipo. Zinapita tu.

Nimekuwa nikisema umma, umma, kama vile sote tunakubaliana ni nani. Tarehe 27 Julai 1919, katika ziwa lile lile la Chicago, kijana mweusi wa miaka 17, Eugene Williams, alikuwa anaelea kwenye chelezo na wenzake. Chelezo kikavuka mstari uliowatenga weusi na weupe. Mstari huo haukuwemo katika sheria yoyote na wala haukuonekana majini. Mzungu mmoja akawarushia mawe kutoka ufukweni, Eugene akazama akafa. Machafuko yaliyofuata yaliua watu 38. Kwa karatasi, ufukwe ulikuwa wa umma.

Pwani ya Shangani nayo iliwahi kuwa na mistari yake. Klabu ya Waingereza, jengo ambalo leo ni Africa House, ilikuwa ya Wazungu, na jua lililotua mbele ya roshani yake lilikuwa lao. Viwanja vya Mnazi Mmoja pia viligawiwa kwa rangi. Mistari ile imefutwa, na usiku wa Sikukuu ukipita Mnazi Mmoja na Forodhani ukaona watoto wa Ng'ambo na wa shamba na nguo zao mpya, unajua Mapinduzi yalifuta nini. Ila mistari mipya haichorwi kwa rangi. Inachorwa kwa bei ya mshikaki, kwa mlinzi anayekutazama viatu kabla ya uso, kwa kiti ambacho huwezi kukikalia mpaka uagize soda.

Jirani yangu mmoja wa Kikwajuni, bibi wa miaka mingi, ana desturi yake. Alkhamisi jioni huteremka na wajukuu watatu mpaka ukutani Mizingani, na chupa ya chai na mkate wa kumimina aliofunga kwenye kitambaa. Hanunui kitu. Hukaa ukutani, hunywa chai yake, huwakemea wajukuu wasisogelee maji, na ikikaribia Magharibi hurudi. Mradi wowote wa pwani unaoletwa mbele yetu mimi nitaupima kwa chupa ile ya chai. Ikiwa katika mchoro sioni pa kuiweka, basi hata wauite bustani ya umma, si bustani ya umma.

Tena umma wa pwani haukai tu. Unafanya kazi. Kwenye mapendekezo mengi ya kuipendezesha pwani, jambo la kwanza huwa ni kuwaondoa wanaoitumia: wavuvi kwa sababu wananuka, makuli kwa sababu wanapiga kelele, majahazi kwa sababu hayapendezi kwenye picha (mpaka yapakwe rangi na kupakia watalii wa machweo, hapo yanapendeza). Diko la Malindi limejengwa upya kwa msaada wa Japan, na uamuzi wa kuliacha diko ndani ya mji, badala ya kulisukuma mbali, nauona kuwa mmoja kati ya maamuzi mazuri zaidi ya miaka hii. Samaki anateremka mjini, mama muuza samaki anampata mjini. Mpango wa Malindi mpya uwahesabu mabaharia wa majahazi ya Tanga na Pemba kuwa ni umma, pamoja na fundi wa mashua na kijana wa makachu. Wako wanaomuona kijana huyu ni usumbufu, wakati picha yake wanaiweka kwenye vipeperushi vya utalii.

Nitaambiwa mstari mgumu namna hii utatunyima mengi. Kweli utatunyima. Mwaka 2014 Chicago iliamua kumpa mtengeneza filamu George Lucas sehemu ya kando ya ziwa ajenge makumbusho yake. Eneo lenyewe lilikuwa uwanja wa kuegesha magari, wala si bustani. Hata hivyo chama cha wapenzi wa bustani kilishitaki, kesi ikaburura, na mwaka 2016 Lucas akaondoka na makumbusho yake akayapeleka Los Angeles. Wengi walisema ni upuuzi, kulinda lami. Na wakati mwengine mstari hupigwa chenga: jukwaa kubwa la muziki la Millennium Park, kazi ya Frank Gehry, lilisajiliwa kuwa ni kazi ya sanaa na si jengo, ili likwepe masharti ya urefu. Nililisoma hilo nikacheka, kisha nikawaza jinsi wataalamu wetu wangelifurahia. Lakini nikiwekwa baina ya mji unaopoteza makumbusho moja na mji unaopoteza pwani kipande kwa kipande, najua ningekaa wapi.

Liko jambo moja ambalo ziwa haliwezi kutufunza vya kutosha. Ziwa Michigan halina kupwa na kujaa kwa maana. Hupanda na kushuka kwa miaka: Januari 2013 lilishuka kuliko wakati wowote uliowahi kupimwa, na 2020 lilikaribia kilele chake likazitafuna njia na fukwe. Bahari yetu katika bamvua hupanda na kushuka karibu mita nne, mara mbili kwa siku, bila kungoja ripoti. Na mji huu una tabia ya kusahau maji yako wapi. Tunasema Darajani na daraja halipo, tunasema Ng'ambo na mkondo uliotenganisha pande mbili umefukiwa. Mvua kubwa ikinyesha, maji yanakumbuka. Ukanda ulio wazi mbele ya bahari unalowa leo na kesho unakauka. Chumba cha chini cha hoteli, chenye mashine za umeme, hakikauki. Anayetaka hoja ya fedha tu, bila ya wajukuu wala chai, na aichukue hiyo.

Miezi michache iliyopita nilikwenda ofisi moja kuulizia ramani inayoonesha mpaka wa bustani: inaanzia wapi, inaishia wapi, na ule ukanda wa kutoka pale mpaka Mtini ni wa nani kwa maandishi. Kijana niliyemkuta alinipokea kwa heshima. Ramani ipo, akasema, lakini anayeijua kompyuta ilipo hayupo, nijaribu Jumatatu. Nilijaribu Jumatatu mbili.

Basi Alkhamisi ile nikateremka mwenyewe na daftari, nikaanza kupima ukuta kwa hatua kutoka Forodhani. Karibu na Kasri nikamkuta jirani yangu amekaa na wajukuu wake. Akaniuliza, "Mwanangu, unahesabu nini?" Nikamwambia napima pwani. "Kwani inauzwa?" akauliza, na kabla sijapata jibu alikuwa ameshajisogeza kunipisha, mkono mmoja umeshika chupa ya chai isiangukie baharini.